Kabla ya Kuomba Nafasi ya Utafiti Baada ya Uzamivu, Uliza Fedha Zinaisha Lini

Dirisha la ufadhili wa Umoja wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie kwa watafiti waliomaliza shahada ya uzamivu lilipofungwa Septemba 2025, maombi 17,058 yalikuwa yamepokelewa. Mwaka uliotangulia yalikuwa 10,360 na waliochaguliwa walikuwa 1,696, takriban 16 katika kila 100. Bajeti haikupanda pamoja na maombi: ilikuwa yuro milioni 404 hivi, pungufu kidogo ya milioni 417 za 2024. Kama gharama ya kila mtafiti haikubadilika sana, kwa hesabu hiyo waliotarajiwa kupata hawakufika 10 kwa 100. Tangu hapo imeenea kauli moja miongoni mwa wanaokaribia kutetea tasnifu zao: milango ya vyuo vikuu imefungwa, kilichobaki ni kutuma maombi mengi iwezekanavyo na kungoja bahati. Naamini tafsiri hiyo ina kasoro, na kasoro hiyo inawagharimu watu miaka ya ujana wao wa kitaaluma. Takwimu zile zinaeleza mlango mmoja, ule unaoonekana kutoka mbali. Sehemu kubwa ya nafasi za utafiti baada ya uzamivu hutoka kwenye ruzuku za maprofesa mmoja mmoja na hazipiti kabisa katika mashindano hayo. Ubora wake huamuliwa na jambo ambalo tangazo la kazi mara nyingi halilitaji: fedha zinazolipa mshahara zilianza lini na zinaisha lini.

Matangazo huchanganya vitu viwili ambavyo mwombaji hana budi kuvitenganisha. Kuna ufadhili wa mtu binafsi, ambapo mwombaji huandika mradi wake mwenyewe, huutetea mbele ya mfadhili wa nje, na chuo kikuu humpokea akija na fedha zake. Marie Skłodowska-Curie ni wa namna hiyo, vivyo hivyo ufadhili wa Humboldt nchini Ujerumani. Kisha kuna ajira ya mradi: profesa amekwishapata ruzuku, ndani ya bajeti yake kuna fungu la mshahara wa mtafiti mmoja au wawili, na anatafuta mtu wa kufanya kazi ambayo tayari imeandikwa. Katika aina ya kwanza unaweza kushindana na maelfu, kalenda mara nyingi ni moja kwa mwaka, na masharti hayapindi. Mwito wa Marie Skłodowska-Curie wa 2025 ulitaka shahada iwe imepatikana kabla ya tarehe ya mwisho, uzoefu wa utafiti baada ya shahada usizidi miaka 8, na mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Katika aina ya pili matangazo hutoka mwaka mzima, na idadi ya washindani wa kweli hutegemea ufinyu wa ujuzi unaotakiwa. Tangazo linalomtaka mtu anayejua kuchakata data za jenomu za vimelea na pia kufundisha programu ya takwimu ya R linaweza kupokea maombi mengi, lakini wanaokidhi sifa zote mbili huwa wachache sana.

Kwa nini maombi yameruka hivyo kwa mwaka mmoja? Sababu zinazoonekana wazi ni za pande mbili za bahari. Nchini Marekani mwaka 2025 ulikuwa wa kufutwa na kusimamishwa kwa ruzuku za utafiti, na watafiti wengi walianza kutafuta kwingine. Upande wa pili, Umoja wa Ulaya ulizindua Mei 2025 mpango wa kuwavuta wanasayansi, ukitengewa yuro milioni 500 kwa miaka ya 2025 hadi 2027. Ongeza hapo zana za akili unde zinazorahisisha kuandika rasimu ya mradi kwa siku chache. Nadhani sababu hii ya tatu haipewi uzito unaostahili. Maombi yakiwa rahisi kuandika, idadi yake haipimi tena idadi ya watu walio tayari. Kwa hiyo hesabu ya chini ya 10 kwa 100 ni wastani wa kundi lenye viwango vilivyoachana sana, na mtu mmoja mmoja hawezi kuichukua kama uwezekano wake mwenyewe.

Sasa tuitazame aina ya pili, maana ndiyo isiyotazamwa. Ruzuku ya Baraza la Utafiti la Ulaya kwa watafiti wanaoanza huwa hadi yuro milioni 1.5 kwa miaka 5. Anayeipata kwa kawaida huajiri watafiti wa kumsaidia, na saa inaanza kuhesabu siku mradi unapoanza rasmi, awe ameajiri au la. Habari za ruzuku hizi si siri. Umoja wa Ulaya huziweka katika hifadhidata ya CORDIS, Uingereza katika Gateway to Research, Ujerumani katika GEPRIS, na Marekani katika NIH RePORTER, ya Taasisi za Taifa za Afya (NIH), na hifadhidata ya Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo (NSF). Kwa mradi mmoja kwa kawaida utakuta jina la mtafiti mkuu, muhtasari, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumalizika, na mara nyingi kiasi cha fedha. Mwombaji makini huingia humo kwa maneno ya mbinu anayoimudu, huchuja miradi iliyoanza ndani ya miezi 18 iliyopita, kisha hufungua ukurasa wa kundi la utafiti kuona kama watu wameshaajiriwa. Miradi mitano iliyochaguliwa hivyo ina thamani kuliko maombi hamsini yaliyotumwa kwa barua pepe ya pamoja, kwa sababu unamwandikia mtu mwenye fedha ambazo hazijapata mfanyakazi.

Barua pepe hiyo isizidi maneno 200. Sentensi za kwanza zitaje kazi mahususi ya kundi hilo na swali ambalo kazi hiyo imeliacha wazi. Zinazofuata zieleze mbinu unayoileta ambayo kundi halina, zikionyesha makala au data uliyoitumia. Mwisho taja tarehe unayoweza kuanza, na kama una au huna chanzo cha fedha. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na makala moja iliyo bora, basi. Usipojibiwa baada ya wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha endelea. Vyuo vingi vya umma vinalazimika kutangaza nafasi hata kama profesa ameshapenda mtu, hivyo mawasiliano ya mapema hayakupi kazi. Yanakupa habari: tangazo litatoka lini, na sifa ipi kati ya zilizoandikwa ndiyo hasa inayotafutwa.

Tarehe ya mwisho wa ruzuku ina uzito kwa sababu ya hesabu ambayo wengi huifanya wakiwa wamechelewa. Chukua mkataba wa miezi 24. Mitatu ya mwanzo huenda katika kuhamia, mafunzo ya usalama wa maabara, akaunti za kompyuta na ruhusa za kutumia data. Kama utafiti unahusu watu au wanyama, kibali cha maadili kinaweza kula miezi mingine. Upande wa pili wa mkataba, miezi sita hadi minane ya mwisho ni ya kutafuta kazi inayofuata, kwa kuwa maombi, usaili na viza havikamiliki kwa wiki. Kinachobaki kwa utafiti wenyewe ni miezi 13 hadi 15. Muswada uliotumwa kwa jarida unaweza kukaa miezi 6 hadi 12 kabla ya kuchapishwa. Kwa hiyo kazi unayotaka ionekane kwenye wasifu wakati wa maombi yajayo lazima iwe imetumwa kabla au karibu na mwezi wa 14. Anayeingia katika mradi wa miezi 60 ukiwa umefika mwezi wa 42 ana miezi 18 tu, hata kama barua ya ajira inasema mkataba unaweza kuongezwa. Uongezwe kwa fedha gani?

Hapa kuna mtego ambao huwanasa hata watu werevu. Profesa anaweza kukuambia kwa nia njema kwamba mradi umeongezewa mwaka mmoja. NIH na NSF huruhusu nyongeza ya muda isiyo na fedha mpya: tarehe ya mwisho inasogezwa, kiasi kinabaki kilekile. Ikiwa akaunti ina salio kwa sababu mtafiti wa awali aliondoka mapema, nyongeza hiyo ni mshahara wa kweli. Ikiwa salio ni dogo, ni muda wa kumalizia ripoti, na mkataba wako utakatika palepale ulipotarajiwa kukatika. Swali sahihi kwenye usaili ni hili: mshahara wa nafasi hii una fedha zilizothibitishwa kwa miezi mingapi, na kuendelea baada ya hapo kunategemea nini? Mtu anayekasirishwa na swali hilo amekupa jibu.

Wanaotetea wazo la kutuma maombi kila mahali wana hoja yenye nguvu, na ni haki kuisikiliza. Wanasema kwamba karibu na mstari wa kupita tofauti ya alama huwa ndogo kiasi kwamba hakuna jopo linaloweza kuzipambanua kwa uhakika. Ni kweli. Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Uswisi ulilikubali jambo hili hadharani: ulijaribu kupiga kura ya bahati katika ufadhili wake wa watafiti wa baada ya uzamivu, na tangu 2021 umeruhusu kura hiyo kutumika kwa maombi ambayo jopo limeshindwa kuyatofautisha. Lakini tazama kura inapopigwa. Inapigwa kwa wachache waliofikia mstari, baada ya walio juu kuchukuliwa na walio chini kuondolewa. Bahati hufanya kazi kwa waliokwishafika hapo, haimfikishi mtu. Tena kutuma bila maandalizi kuna adhabu: katika mwito wa Marie Skłodowska-Curie wa 2025, ombi lililopata chini ya asilimia 70 mwaka uliotangulia halikuruhusiwa kurudishwa na taasisi ileile. Aliyejaribu bahati alijifungia mlango wa taasisi hiyo kwa mwaka mzima.

Kinachowaangusha wengi katika ufadhili huo si sayansi. Alama hugawanywa asilimia 50 kwa ubora wa kitaaluma, 30 kwa matokeo na manufaa, na 20 kwa utekelezaji, ndani ya kurasa 10. Mwombaji anayejaza kurasa nane kwa sayansi anaiachia nusu ya alama kurasa mbili. Mtathmini hawezi kukupa alama kwa kitu ambacho hukukiandika: ratiba ya kazi kwa miezi, hatari zinazoweza kukwamisha mradi na mpango mbadala wa kila moja, nani atakufundisha nini na wewe utaifundisha taasisi nini. Hizi ni kurasa zisizo na mvuto kwa mtu aliyezama katika maabara. Ndizo zinazomtenganisha aliyepata 85 na aliyepata 94.

Hoja ya upande mwingine inasema kinyume kabisa: achana na nafasi hizi, ni kazi ya bei rahisi iliyovikwa joho la heshima. Siwezi kuibeza. Desemba 2023 kikundi cha washauri wa NIH kilipendekeza mshahara wa chini wa dola 70,000 kwa mwaka na kikomo cha miaka mitano kwa watafiti wa aina hii. NIH ilipotangaza viwango vya 2024, mtafiti asiye na uzoefu alipangiwa dola 61,008. Ujerumani nayo ina sheria inayoweka kikomo cha miaka sita ya mikataba ya muda baada ya uzamivu, tisa katika tiba, na mwaka 2021 maelfu ya watafiti walijitokeza mitandaoni chini ya jina la #IchBinHanna (“Mimi ni Hanna”) kueleza jinsi kikomo hicho kinavyowatupa nje bila ajira ya kudumu kuwepo. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, kutoka kwenye ukweli huo hadi kusema kila nafasi ni unyonyaji kuna pengo. Miaka miwili au mitatu yenye swali lako mwenyewe, msimamizi anayekuacha uondoke na sehemu ya mradi, na makala ambayo wewe ni mwandishi wa kwanza, ni daraja la kweli kuelekea uhadhiri, viwandani au taasisi za serikali. Miaka sita ya mikataba ya mwaka mmoja mmoja katika miradi mitatu isiyohusiana ni jambo jingine kabisa. Anayezichanganya anamzuia mwenzake kuichagua ile iliyo njema.

Hoja dhaifu kuliko zote hutoka kwa vyuo vyenyewe. Baadhi husema hawawezi kuandika kwenye tangazo jina la ruzuku na tarehe ya mwisho wake, kwa kuwa habari za fedha ni za ndani na muda wa mkataba hutegemea utendaji wa mtu. Sehemu ya kwanza imekwishajibiwa na hifadhidata nilizozitaja: kama mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuiona tarehe hiyo, hakuna siri inayolindwa. Kinachotokea ni kwamba mwombaji anayejua pa kutafuta anaipata na asiyejua anaikosa, na mara nyingi asiyejua ndiye aliyesomea mahali ambapo hakuna wa kumwelekeza. Sehemu ya pili inachanganya mambo mawili. Utendaji unaweza kumfanya mtu asiongezewe mkataba, lakini utendaji, hata uwe mzuri kiasi gani, hauwezi kuzalisha mshahara kwenye akaunti iliyokauka. Mtu aliyehamisha familia, akavunja mkataba wa pango, akalipia viza na nauli, alistahili kujua tofauti hiyo kabla ya kusaini.

Uzito huu huwaelemea zaidi wanaovuka mipaka. Nchini Marekani nafasi zinazolipwa na ruzuku za mafunzo za NIH ni za raia na wakazi wa kudumu pekee, ilhali zinazolipwa na ruzuku ya utafiti ya profesa ziko wazi kwa yeyote mwenye kibali cha kazi. Matangazo mawili yanaweza kufanana neno kwa neno, moja likawa halikuhusu. Tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya kazi ya H-1B kwa walio nje ya nchi hiyo, hivyo ni lazima kuuliza mapema chuo kinatumia viza gani. Viza ya J-1, ya programu za mabadilishano, kwa mtafiti hufika hadi miaka mitano, lakini ukimaliza programu hiyo hutaruhusiwa kuanza nyingine ya kundi hilohilo kabla ya miezi 24 kupita. Kubali mkataba wa miezi minane kwa viza hiyo na unaweza kuwa umechoma nafasi ya miaka mitano. Kwingineko tatizo ni hadhi ya malipo: anayelipwa posho ya ufadhili badala ya mshahara wa mwajiriwa anaweza kukosa michango ya pensheni, likizo ya uzazi yenye malipo, au bima inayowafunika watoto. Posho ya mwezi inaweza kuonekana kubwa hadi uondoe hayo.

Upande wa makaratasi nitapita haraka, ila kuna makosa matatu yanayorudi kila msimu. Nchini Uingereza wasaili huchuja maombi kwa orodha ya sifa za lazima na zinazopendelewa, na humpa kila mwombaji alama kwa kila sifa. Barua nzuri isiyozigusa moja baada ya nyingine huanguka kabla haijasomwa kwa utulivu. Pili, wadhamini. Jina kubwa lisilokufahamu huandika aya mbili za jumla, na barua inayochelewa ni sawa na barua isiyokuwepo. Watumie tangazo, wasifu wako na tarehe ya mwisho wiki tatu kabla. Tatu, saa ya shahada. Wafadhili wengine huhesabu tangu siku ya utetezi, wengine tangu tarehe iliyo kwenye cheti, na tofauti ya miezi kadhaa inaweza kukutoa nje. Kama cheti hakijatoka, omba barua ya msajili inayothibitisha kwamba masharti yote ya shahada yamekamilika na kwa tarehe gani.

Ikiwa uchambuzi huu una ukweli, basi kinachotakiwa kwa vyuo vikuu ni kidogo na hakigharimu fedha. Kila tangazo la nafasi ya utafiti baada ya uzamivu liwe na mistari minne: chanzo cha fedha, tarehe ruzuku inapoisha, miezi ambayo mshahara umethibitishwa, na kama anayeajiriwa ni mfanyakazi au mpokea posho. Wafadhili wanaweza kulifanya hilo kuwa sharti la ruzuku, kama wanavyofanya kwa upatikanaji huria wa makala. Vyuo vinavyotoa shahada za uzamivu navyo vina kazi: mwanafunzi wa mwaka wa tatu afundishwe kusoma hifadhidata za ruzuku kama anavyofundishwa kutafuta makala, kwa maana dirisha la kuwasiliana na mradi mpya hufunguka miezi 9 hadi 12 kabla ya yeye kutetea tasnifu. Na kwa anayepanga kuingia katika ufadhili wa Ulaya ambao dirisha lake hufungwa Septemba, mazungumzo na profesa wa kumpokea yaanze Februari au Machi. Vyuo vingi huweka makataa ya ndani ya kuonyesha nia, na yakipita, hata mradi ulio bora hauna taasisi ya kuuwasilisha.